Kadzo si Kazo

Kadzo ni jina la herufi tano na silabi mbili. Halina mlolongo wala mafumbo. Na bado, ukizaliwa Kisauni au Likoni ukapewa jina hilo, kufikia darasa la tatu utakuwa umeshaitwa Kazo, Kajo, Katizo, Kadizo na, siku mwalimu mgeni anaposoma rejista kwa haraka, "wewe hapo nyuma". Wapo wanaolikwepa kabisa wakakuita kwa jina la dini. Wapo wanaokwambia kwa upole, kama wanaokupa pole ya msiba, "Lakini jina lako gumu, bwana."

Gumu kwa nani? Kwa Mgiriama wa Bamburi si gumu. Kwa Mdigo wa Mtongwe si gumu. Kwa mtoto wa miaka miwili anayemlilia dadake ambebe si gumu hata kidogo. Ugumu unaanza pale jina linapotoka kinywani mwa mwenyewe na kuingia katika sikio la mtu mwenye kalamu. Na huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni hadi Changamwe, kalamu zimekuja nyingi: ya mwanachuoni, ya mmishonari, ya karani wa serikali, na sasa ya kompyuta. Kila moja ilisikia kwa sikio lake. Kisa cha jina la Kadzo kutamkwa vibaya ni kisa cha kalamu hizo.

Dzina na jina

Tuanze na sauti yenyewe. Weka ulimi kama unataka kusema "d", halafu kabla hujauachia, uteleze kwenye "z". Ni sauti moja inayotoka kwa pumzi moja. Lugha za Kimijikenda zinayo, pamoja na nduguye "ts". Na utani wa historia ni kwamba hata neno "jina" lenyewe lina sauti hiyo: kwa Kigiriama na Kidigo, jina ni *dzina*.

Endelea kidogo uone. Jua ni *dzua*. Jino ni *dzino*. Maji ni *madzi*. Mji ni *mudzi*. Upande wa pili, macho ni *matso* na tano ni *tsano*. Babu ni *tsawe*. Ukiyapanga maneno haya sambamba na ya Kiswahili, utaona mabadiliko yana mpangilio, kama hatua za ngoma: palipo na "j" huku, pana "dz" kule.

Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha mwaka 1993 kitabu kikubwa kuhusu jambo hili hasa. Waliweka pamoja Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kiilwana katika kundi moja linaloitwa Sabaki, jina la mto ule unaoingia baharini karibu na Malindi. Lugha hizi zilikuwa na mama mmoja, kisha kila mtoto akashika njia yake. Kiswahili cha Mombasa kikasema jua. Lamu wakasema yua. Mijikenda wakasema dzua. Hakuna hata mmoja aliyekosea neno la mwenzake. Kwa hivyo yule anayedhani "dz" ni "j" iliyomshinda mtu wa mashamba kuitamka, amepotea njia kabla hajafika hata Mtwapa.

Sauti hii ikiondoka, haiondoki peke yake. Kigiriama kikisema *vidzo*, kinasema vizuri. Kadzo ni kale kadogo kazuri, na "ka" yenyewe ni ya mapenzi. Nyadzua ni msichana aliyezaliwa wakati wa jua. Nyamvula alikuja na mvua. Nyanzala alizaliwa njaa ikiwa nyumbani, maana *nzala* ni njaa. Jumwa ni jina la siku katika ile wiki ya zamani ya Mijikenda, wiki ya siku nne. Majina haya ni kalenda. Na kwa kuwa mtoto hupewa jina la babu, bibi au ndugu zao, kalenda hiyo hurudi tena na tena. Nyanzala unayesoma naye chuoni huenda alizaliwa mwaka wa mavuno mazuri, hospitalini, mamake akiletewa supu. Lakini nyuma yake yuko Nyanzala mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, mpaka ufike kwa yule wa kwanza aliyezaliwa katika njaa ya kweli, kama ile iliyoitwa Mwakisenge, ya miaka ya 1880, iliyowafanya baadhi ya wazazi wa Kimijikenda kuwaweka watoto wao rehani mijini ili wapate nafaka. Hakuna aliyeliandika tukio hilo kwa ajili ya ukoo ule. Jina ndilo lililolibeba.

Sasa mwite "Nyazua" au "Kazo". Neno linabaki na harufu ya Kipwani, lakini halisemi kitu tena.

Wino wa kwanza

Kabla ya Wazungu kuleta abjadi yao, Mombasa ilikuwa inaandika. Barua, mikataba, mashairi na hesabu za biashara ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na waandishi wa Kiswahili walikuwa hodari wa kuzipinda herufi hizo zikubali lugha yao. Haikuwa kazi rahisi. Kiarabu hakina "p", hakina "v", hakina "ch". Mwandishi aliyetaka kuandika jina la Mdigo aliyekuja sokoni na kopra ilibidi achague: aweke dal, au zai, au jim? Yoyote aliyochagua ilikuwa karibu, na yoyote ilikuwa pungufu.

Na mara nyingi mwenye jina hakungoja mwandishi achague. Mwanahistoria Justin Willis ameeleza jinsi watu wa vijiji vya Mijikenda walivyokuwa wakiingia mjini, wakajifunga kwa tajiri au ukoo wa Kiswahili, wakaoa, wakasilimu, na baada ya muda wakawa Waswahili wenyewe. Jina lilikuwa sehemu ya safari hiyo. Aliyevuka maji akiitwa hivi, aliweza kuzeeka mjini akiitwa vingine, na watoto wake wakajaza "bin" na "binti" mahali palipokuwa na "wa". Huko hakukuwa na karani wa kumlazimisha. Alibadili jina kwa sababu mji ulikuwa na faida zake, na jina la mji lilifungua milango. Tofauti hiyo tuikumbuke, kwa maana baadaye tutakutana na watu ambao hawakuulizwa.

Mwaka 1844 alifika Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, yaani CMS. Miezi michache tu baadaye mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, na kaburi bado liko upande wa Nyali. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Huko wakaanza kukusanya maneno, wakiyaandika kwa herufi za Kizungu, wakisikiliza kwa masikio yaliyozaliwa Ujerumani. Kazi yao ya kamusi ilichapishwa mwaka 1887, Krapf akiwa ameshafariki.

Tukiwa wakweli, watu hawa walisikiliza kwa bidii kuliko wengi waliokuja baada yao. Lakini angalia kamusi hiyo waliitaja kuwa ya lugha gani: "Nika". Wanika, watu wa nyika, watu wa porini. Hilo ndilo jina walilopewa na watu wa mjini, na wamishonari wakalichukua kama lilivyo, serikali ikalichukua kutoka kwa wamishonari, na kwa muda wa karibu miaka mia moja kabila zima la makabila tisa likawa linaitwa kwa jina ambalo lenyewe halikujiita.

Jambo la kutia moyo ni kwamba jina hilo lilikufa. Miaka ya 1940 wenyewe walijipanga wakaunda Mijikenda Union, na "Mijikenda", yaani miji tisa, likaanza kuchukua nafasi ya "Nyika" katika barua, magazeti na ofisi. Leo ukimwita mtu Mnyika mjini Mombasa utajua mwenyewe. Kizazi kimoja au viwili tu vilitosha kusafisha jina la watu wote. Majina ya mtu mmoja mmoja ndiyo yamechelewa.

Kengeleni

Panda matatu ya Kisauni na utasikia makanga akiita steji ya Kengeleni. Wengi wanaoshuka pale hawaulizi kengele ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Frere Town.

Mwaka 1872 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwenda Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini, na Juni mwaka uliofuata mkataba ukatiwa sahihi. Lakini manowari za Waingereza zilizokuwa zikikamata majahazi zilibaki na swali: watu waliookolewa wapelekwe wapi? CMS ikamtuma William Salter Price, naye akapata ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na kufikia 1875 kijiji kikawa kimeanza. Kikapewa jina la Frere. Kengele yake ililia kwa ibada, kwa shule, na kwa hatari.

Waliokaa pale walikuwa wametoka mbali: Wayao, Wamakua, Wanyasa, watu wa kusini ambako biashara ya utumwa ilichimba zaidi. Wengine walikuja moja kwa moja kutoka kwenye meli. Wengine, waliojulikana kama Waafrika wa Bombay, walikuwa wameokolewa miaka mingi nyuma wakiwa watoto, wakapelekwa India, wakasomeshwa katika misheni karibu na Nasik, kisha wakarudishwa Afrika Mashariki wakiwa watu wazima wanaojua Kiingereza na useremala.

Mmoja wao alikuwa kijana wa Kiyao aliyeitwa Chengwimbe. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, akaokolewa baharini, akapelekwa India. Huko akabatizwa na akatoka na jina la Matthew Wellington. Wellington ni jina la jenerali wa Uingereza aliyemshinda Napoleon mwaka 1815. Mtoto wa Kiyao na jenerali huyo hawakuhusiana kwa lolote.

Matthew Wellington alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliotumwa kumsaidia David Livingstone, na Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko ambako leo ni Zambia, yeye na wenzake waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika mapema 1874. Mwenzake mwingine, Jacob Wainwright, ambaye pia alikuwa Myao mwenye jina la kupewa, alisafiri na jeneza hadi London na kushuhudia mazishi Westminster Abbey. Baadaye Wellington aliishi Frere Town, akazeeka Mombasa, na akafariki mwaka 1935 akiwa mzee anayetembelewa na wageni waliotaka kumwona mtu aliyemjua Livingstone.

Hebu tazama. Jina la Livingstone liko mitaani, shuleni, hata mjini huko Zambia. Jina la Wellington liko vitabuni. Chengwimbe ndiyo sehemu ya mtu huyu ambayo utaitafuta kwa tochi. Na hatuzungumzii ubaya wa mtu fulani hapa. Waliompa jina jipya huenda walidhani wanampa zawadi. Ila matokeo ni kwamba hakuna aliyelitamka vibaya jina la Chengwimbe, kwa sababu hakuna aliyehitaji kulitamka.

Sasa mweke kando yake Myao mwingine wa Frere Town, mzee Mbotela. Huyu naye alitekwa, akaokolewa, akafikia Kisauni. Lakini jina lake halikuzama. Mwanawe akaitwa James Juma Mbotela, na mwaka 1934 akachapisha *Uhuru wa Watumwa*, kitabu cha Kiswahili kuhusu watu hao hao wa Frere Town na njia waliyopitia. Litazame jina la mwandishi huyo taratibu, kama unavyotazama ukuta wa nyumba ya zamani wenye tabaka tatu za rangi. James ni wa misheni. Juma ni wa pwani. Mbotela ni wa nyumbani, kule kusini, kabla ya meli. Historia yote ya Kisauni iko katika maneno matatu.

Mjukuu wa mzee huyo unamjua, na kama wewe humjui basi wazazi wako wanamjua: Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940 na kufariki Februari 2025. Kwa miongo kadhaa aliuliza redioni, "Je, huu ni uungwana?" Kenya nzima ikajifunza kutamka Mbotela bila shida. Mtaa wa Mbotela uko Nairobi, kwa heshima ya Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa mwaka 1952. Jina la Kiyao la mtu aliyeuzwa kama bidhaa limekuwa anwani ya maelfu ya watu. Lilisalia kwa sababu moja ya kawaida kabisa: nyumbani waliendelea kulitumia.

Na Sir Bartle Frere mwenyewe? Jina lake la Kiingereza hutamkwa kwa namna ambayo haifanani na tahajia yake. Huku kwetu kila makanga ana namna yake ya kulisema, na wengine wamelipa mgongo wakachukua Kengeleni. Bahari hutoa na hupokea.

Jina shingoni

Misheni iligusa mamia na maelfu. Serikali iligusa kila mtu. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na rekodi ya waajiri wake. Karatasi hiyo iliwekwa katika kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Ndicho kipande. Mpaka leo Mkenya akipoteza kitambulisho anaweza kusema amepoteza kipande, na hajui kwamba neno hilo lina kutu.

Kabla ya kipande, jina la mtu lilikuwa la mdomo, na jina la mdomo hunyumbulika. Mwanamke wa Kigiriama akizaa, anaitwa kwa jina la mtoto: *Me*, yaani mama wa fulani. Mekatilili, yule aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, alizaliwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili ni "mama Katilili". Mtu mmoja, majina mawili, na hakuna uongo hata mmoja. Mnyazi ni wa utoto wake, Mekatilili ni wa utu uzima wake, "wa Menza" ni wa babake.

Fomu haipendi mambo kama hayo. Fomu inataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, na inataka yasibadilike. Hata wazo la "jina la kwanza" ni mgeni aliyekuja na fomu. Katika fomu hizo kilichoanguka kwanza ni kile kineno kidogo "wa". Mashujaa wamebaki nacho vitabuni, kama Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola. Wewe na mimi tumebaki Kadzo Charo, bila daraja kati ya mtoto na baba.

Halafu ikaja tahajia. Karani aliyeketi mezani huenda alitoka mahali ambapo "dz" haipo. Mbele yake pana foleni. Mzee anasema Dzombo. Karani anasikia Jombo, anaandika Jombo. Mzee hajui kusoma. Anachukua karatasi yake anarudi nyumbani akiwa watu wawili: Dzombo wa mdomo na Jombo wa karatasi. Ukienda Likoni mambo yanazidi, maana Kidigo kina sauti za "kp" na "gb", na ile "p" laini inayoandikwa "ph" ambayo midomo huikaribia bila kufunga. Herufi za kuziandika zipo, watu wa lugha wamekubaliana. Ofisini hakuna aliyewahi kuzitafuta.

Sote tunavunjiana

Usinielewe vibaya, hatuko hapa kulia peke yetu. Changamwe ni shahidi. Reli, bandari ya Kilindini na viwanda vilileta watu kutoka kila pembe ya Kenya, wakapanga vyumba Changamwe, Chaani, Mikindani na Miritini, wakaleta majina yao. Na sisi wa pwani tukayavunja vizuri tu.

Mwaka 1947, mwezi wa Januari, Mombasa ilisimama kwa mgomo mkuu wa wafanyakazi wapatao 15,000. Kiongozi aliyejitokeza alikuwa Chege Kibachia. Wakikuyu wenyewe hulitamka Chege kwa "ch" iliyo karibu na "sh" na "g" laini inayokwaruza kooni. Mpwani anasoma Chege kama chege chege maji. Wafanyakazi walimfuata vivyo hivyo, kila mmoja na matamshi yake. Vivyo hivyo jirani yako Ochieng' na Ng'ang'a wamezoea kuitwa kwa "ng" ya ngoma badala ya "ng'" ya ng'ombe. Na hata wewe mwenye Khadija, kuna nyanya yako wa Likoni aliyekuita Hadija mpaka akaenda zake, na hukuwahi kuona tatizo.

Kwa nini hukuona tatizo? Kwa sababu nyanya hakuwa na muhuri. Kosa la jirani unalirekebisha ukutani mkianika nguo. Au hulirekebishi, linakuwa utani wenu. Kosa la mdomo huisha na sauti. Kosa la kalamu hupigwa muhuri, likatiwa faili, likarithiwa na watoto.

Na huku kwetu urithi ni ardhi, na ardhi ndiyo kidonda. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani walete madai yao ya ardhi yaandikwe. Waliokuwa na karatasi, mawakili na majina yaliyozoeleka ofisini walipata. Mijikenda, ambao ardhi yao ilishikwa na ukoo na ikajulikana kwa mdomo, wengi wao waliachwa nje na wakajikuta maskwota katika mashamba ya babu zao. Tangu wakati huo kila safari ya kutafuta hati imekuwa pia safari ya kutafuta jina. Mwezi Januari 2016, wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni walipoanza kupewa hati baada ya mvutano wa miaka mingi, kila hati ilikuwa na jina la mtu, na jina kwenye hati lazima lifanane na la kitambulisho.

Sasa chukua mfano wa familia yoyote. Babu ni Dzombo kwa kinywa, Jombo kwenye kipande cha zamani, Zombo kwenye kitambulisho cha baadaye. Amefariki. Watoto wanataka kurithi. Cheti cha kifo kinasema moja, hati inasema jingine, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinasema la tatu. Wakili atawaandikia kiapo kwamba watu hawa watatu ni mtu mmoja. Kiapo kina bei. Kubadilisha jina rasmi na kulitangaza kwenye gazeti la serikali kuna bei. Mwanafunzi ambaye cheti chake cha shule kinasema Kazo na kitambulisho kinasema Kadzo ataijua bei hiyo siku ya kwanza anapotafuta kazi bandarini. Herufi moja ya "d" iliyodondoka mezani kwa karani aliyekuwa na haraka hulipiwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Jina la M-Pesa

Kuna mabadiliko ya ajabu tumeyazoea bila kuyatazama. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kila unapomtumia mtu pesa, jina lake la kitambulisho linakujia kwa herufi kubwa. Yule unayemjua kama Mama Sidi, muuza viazi karai wa Mishomoroni, ghafla anakuwa majina matatu usiyoyajua. Wakenya tumeanza kuonana kwa majina ya karatasi.

Ndipo utaona pia Ochieng' amepoteza kile kialama chake, maana mitambo mingi haikitaki. Utaona Nyadzua ameandikwa Nyanzua. Utaona ndugu wa baba na mama mmoja wana tahajia tatu za ukoo. Ile foleni ya kipande haijaisha. Imeingia tu kwenye simu.

Lakini simu hiyohiyo imefanya jambo ambalo kikopo cha chuma hakikufanya. Imempa mwenye jina kalamu. Kijana wa Kisauni anayefungua akaunti yake anajiandika mwenyewe: Kadzo, kwa "dz", na hakuna karani katikati. Mzazi anayejaza fomu ya kuzaliwa hospitalini leo mara nyingi anajua kusoma kile kilichoandikwa, na anaweza kusema, "Hapana, rudia, kuna d." Sekunde tano za ukaidi pale dirishani zinaweza kuokoa miaka mitano ya viapo.

Na kwa wengine wote, walimu, wauguzi, watangazaji, maafisa, marafiki, kinachotakiwa ni kidogo mno. Uliza, "Linatamkwaje?" Sikiliza. Rudia mbele ya mwenyewe. Ukikosea, atakusahihisha, kama anavyomsahihisha jirani ukutani. Ukilipata, liandike lilivyo. Ulimi wa binadamu umejifunza kusema Schwarzenegger kwa ajili ya sinema. "Dz" haitautoa roho.

Yule mzee aliyefariki Mombasa mwaka 1935 alitembea kutoka Zambia hadi pwani na maiti begani, na bado hakuna steji inayoitwa kwa jina alilopewa na mamake. Tunaweza kuanza na hilo, sasa hivi, popote unaposomea haya. Lisome kwa sauti.

Chengwimbe. Silabi tatu. Si gumu.